Mwezi Uonekanao Mchana: Funzo kutoka Historia ya Karagwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi, akaupanga usiku na mchana kwa kadiri isiyokosea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani,

Khutba yetu ya leo inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kuliona, na wachache tumekaa tukalifikiri. Mkulima wa Nkwenda au Mabira, wilayani Kyerwa, hutoka asubuhi na jembe begani, jua limekwisha panda, akainua macho upande wa magharibi, kule iliko Rwanda, akauona mwezi umesimama juu ya vilima, mweupe kama kipande cha wingu. Wanafunzi wa Kayanga wakirudi nyumbani alasiri huuona upande wa mashariki, nusu duara, na jua linawaka. Mtoto humwuliza baba yake: "Baba, mwezi si wa usiku? Mbona umetoka mchana?" Na baba, akiwa hana jawabu, humwambia mtoto anyamaze.

Swali la mtoto huyo si la mchezo, wala halistahili kunyamazishwa. Asiyelijua jawabu lake aweza kuipoteza siku ya Ramadhani. Yuko mtu ambaye siku ya 28 ya kufunga, alfajiri, huona hilali nyembamba mashariki akadai kwamba mwezi umeandama. Yuko mwingine ambaye alasiri ya siku ya 30 huuona mwezi kabla ya jua kutua, akala hapo hapo, akasema leo ni Idd. Yuko wa tatu ambaye huuona mwezi wa jioni ya kwanza ukiwa mnene, akawaambia jirani zake kwamba wamekula siku moja ya Ramadhani. Kwa maneno kama hayo, nyumba moja yaweza kugawanyika, mama amefunga na mwana amefungua, na ndugu wakashindwa kuswali Idd pamoja. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kwa utulivu, tukianzia katika historia ya nchi hii yenyewe.

Ndugu Waislamu,

Karagwe imeutazama mwezi kwa makini tangu zamani. Katikati ya karne ya 19 nchi hii ilikuwa ufalme, na makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Mfalme wa zama hizo alikuwa Rumanyika. Njia kuu ya biashara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Tabora, ilifika Karagwe na kuendelea hadi Buganda. Karibu na Bweranyange, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliweka kituo chao cha pembe na nguo. Miongoni mwao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, anayehesabiwa katika Waarabu wa mwanzo waliofika Buganda, miaka ya 1840, zama za Kabaka Suna. Msafiri Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876 alimkuta mzee huyo Kafuro. Hivyo habari za Uislamu zilizofika Buganda kwa njia ya kusini zilipita katika vilima hivi tunavyovitazama leo.

Tarehe 25 Novemba 1861 alifika kwa Rumanyika Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke alikaa hadi Januari 1862 akaendelea na safari. Grant alikuwa mgonjwa wa mguu, akabaki katika ulinzi wa mfalme hadi Aprili. Katika habari alizoandika Speke, ametaja sherehe iliyofanywa katika baraza la Rumanyika kila mwezi ulipoandama. Ngoma zaidi ya 30 zilipangwa kwa safu zikapigwa, na wakubwa wa nchi wakaja mbele ya mfalme. Shabaha yake, kwa maelezo ya Speke, ilikuwa kumwezesha mfalme kujua ni nani katika watu wake wangali watiifu. Basi kwa Mnyambo wa wakati ule, mwandamo wa mwezi ulikuwa siku ya kuhudhuria, na mtu aliyekosa kuihesabu siku hiyo alijitia mashakani.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Katika majira hayo hayo, wafanyabiashara wa Kafuro nao walikuwa na hesabu yao ya miezi, ile ambayo babu zetu wa pwani waliihesabu kwa mifunguo: Mfunguo Mosi ndio Shawwali, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kwa hesabu ya tarehe, Mfunguo Tisa wa mwaka 1278 wa Hijra uliingia mwanzoni mwa Desemba 1861, na Rajabu ikaingia siku za kwanza za Januari 1862. Ramadhani ya mwaka huo iliingia mwanzoni mwa Machi, Grant angali amelala mgonjwa Karagwe.

Na huyo mgeni wa Kizungu naye alikuwa na haja yake kwa mwezi. Wasafiri wa zama zile, Speke akiwa mmojawapo, walichukua chombo cha kupimia pembe kiitwacho sekstanti. Kwa chombo hicho walipima umbali uliopo mbinguni kati ya mwezi na jua, au kati ya mwezi na nyota, kisha wakalinganisha kipimo chao na majedwali yaliyopigwa hesabu Uingereza, wakajua wako umbali gani mashariki ya Greenwich. Zingatieni jambo hili: kuupima mwezi na jua pamoja hakuwezekani ila vyote viwili viwe juu kwa wakati mmoja. Yaani mwezi wa mchana, ambao baadhi yetu huuona kama umepotea njia, ulikuwa chombo cha kazi kwa wasafiri, na majedwali yake yaliandikwa miaka kadhaa kabla. Kitu kilichopotea njia hakiandikiwi majedwali.

Watu hao watatu, mfalme na mfanyabiashara na msafiri, lugha zao zilikuwa mbalimbali na haja zao mbalimbali. Lakini mwezi ulikuwa mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuuharakisha au kuuchelewesha.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu,

Hebu sasa tuieleze kazi ya mwezi wenyewe. Mwezi hauna nuru yake. Ni tufe la mawe na vumbi, upana wake kilomita 3,474, na uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400. Nuru tunayoiona ni ya jua, imeupiga mwezi ikarudi kwetu. Jambo hili wanazuoni wa Kiislamu walilichunguza mapema. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, aliandika risala maalumu juu ya nuru ya mwezi.

Wakati wote nusu moja ya mwezi inaangazwa na jua, na nusu nyingine iko gizani. Kinachobadilika ni kiasi gani cha nusu yenye nuru kimetuelekea sisi. Mwezi unapokuwa upande mmoja na jua, nusu yenye nuru imetupa kisogo, nasi hatuuoni kabisa. Baada ya siku moja au mbili huonekana ukingo mwembamba jioni, magharibi, nao ndio mwezi mwandamo. Baada ya wiki moja huwa nusu duara. Usiku wa 14 au 15 mwezi uko mkabala na jua, nao huwa mpevu. Kisha hupungua siku baada ya siku hadi urudi kuwa ukingo mwembamba, safari hii alfajiri, mashariki. Mzunguko huo, tangu kiza cha mwezi hadi kiza kingine, huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana mwezi wetu wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, wala haupungui wala hauzidi. Katika Sura Yasin, Qur'ani Tukufu inataja kwamba mwezi umepangiwa vituo vyake, na imeufananisha mwisho wake na karara kuukuu la mtende. Anayeuona mwezi wa siku ya 28 alfajiri, uliopinda na kufifia, atauelewa mfano huo bila kufafanuliwa.

Mwezi hausimami mahali pamoja. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Kutokana na kuchelewa huku, saa zake huzunguka usiku na mchana wote. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, kwa hiyo ni wa usiku kucha. Mwezi wa nusu ya kwanza huchomoza adhuhuri, hivyo alasiri wanafunzi huuona mashariki. Mwezi wa nusu ya mwisho huchomoza katikati ya usiku na kutua adhuhuri, hivyo mkulima huuona magharibi asubuhi. Kwa jumla, mwezi hukaa juu ya upeo wa macho karibu saa 12 katika kila saa 24, na saa hizo hugawanyika baina ya usiku na mchana. Basi usemi kwamba mwezi ni wa usiku peke yake si sahihi. Karibu siku 25 za kila mwezi waweza kuonekana saa fulani ya mchana, ikiwa mbingu ni safi.

Mtu atauliza: mbona nyota hazionekani mchana na mwezi unaonekana? Jawabu ni hili. Mbingu ya mchana inang'aa kwa sababu hewa huitawanya nuru ya jua pande zote, hasa ile ya rangi ya samawati. Nyota zipo pale pale, ila nuru yake ni hafifu, imezidiwa na mng'ao wa hewa, kama koroboi iliyowashwa juani. Mwezi mpevu wenyewe una nuru ndogo kuliko jua mara 400,000 hivi, lakini uko karibu nasi, na uso wake una nuru ya kutosha kujitokeza katika ule mng'ao. Ndiyo sababu mchana huonekana mweupe na mpole. Na ukiutazama vizuri, madoa yake meusi yamechukua rangi ya mbingu, kwa kuwa hewa yenye nuru iko mbele yake, baina yetu na mwezi.

Kwa hiyo, mwezi wa mchana si kisirani, wala si ishara ya kifo cha mkubwa. Sisi Waislamu tulikwisha fundishwa jambo hili. Siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume alikuwa katika huzuni ya baba aliyefiwa, na bado hakuliacha neno lile lipite. Aliwafundisha watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu.

Ndugu Waislamu,

Tumefika sasa kwenye hukumu. Imepokewa kutoka kwa Abu Wail kwamba waraka wa Sayyidna Umar (r.a.) uliwafikia wakiwa Khanaqin, akiwafahamisha kwamba hilali hutofautiana kwa ukubwa, na kwamba wakiuona mwezi mchana wasifungue mpaka washuhudie mashahidi wawili kuwa uliandama jioni iliyopita. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wamesema kwamba hilali ionekanayo mchana ni ya usiku ujao. Basi anayeuona mwezi alasiri ya siku ya 30 na asubiri jua litue. Saa mbili au tatu za subira hazimdhuru, na kuharakisha kunampotezea siku.

Na yule anayesema mwezi ni mkubwa, basi ni wa juzi, naye ana jawabu lake tangu zama za masahaba. Katika Sahihi Muslim imo habari ya watu waliouona mwezi mahali paitwapo Batn Nakhla, wengine wakasema ni wa usiku wa tatu, wengine wa pili. Walipomwuliza Ibn Abbas, hakuuliza ukubwa wake, bali aliwauliza waliuona usiku gani, akawaambia ni wa usiku ule waliouona. Na elimu ya nyota inaafikiana na jawabu hilo. Mwezi ulio chini ya saa 15 hivi tangu kukutana na jua hauonekani kwa jicho tupu. Ukikosekana jioni moja kwa uchanga wake, jioni ya pili waweza kuwa umepita saa 30 na zaidi, nao utaonekana mnene na kukaa sana kabla ya kutua. Unene huo ni wa umri wake, wala si ushahidi kwamba jana ulionekana.

Hapa Karagwe na Kyerwa tuna hali yetu pia. Jua hutua kwetu kwa wastani zaidi ya nusu saa baada ya kutua Dar es Salaam, kwa sababu sisi tuko magharibi. Kwa hiyo jioni moja yaweza kutokea kwamba wa pwani wameukosa, na sisi wa milimani tukauona, kwa kuwa umepata umri wa nusu saa zaidi na umejitenga kidogo zaidi na jua. Lakini sisi pia tuna vilima vinavyoziba upeo, na mawingu ya masika na ya vuli. Katika miaka ambayo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo sauti pekee iliyofika migombani, wazee walikaa usiku wameizunguka redio moja wakingoja tangazo, huku wenyewe wameukosa mwezi kwa wingu. Na tangu zamani watu wa miji mbalimbali hawakuuona usiku mmoja. Kuraib alitoka Sham, ambako mwezi ulikuwa umeonekana usiku mmoja kabla ya watu wa Madina kuuona, na Ibn Abbas akabaki na mwandamo wa Madina. Wanazuoni wa baadaye wamekhitalifiana katika suala hili, na khutba hii haikuja kuwaamulia. Imekuja kuondoa ugomvi unaotokana na kutojua, maana huo hauna mwanachuoni nyuma yake.

Basi chukueni majumbani mambo matatu haya, mwafundishe watoto.

La kwanza, upande wenye nuru wa mwezi huelekea jua daima. Hilali ya alfajiri mashariki ni ya mwezi unaokwisha, na hilali ya jioni magharibi ni ya mwezi unaoanza. Kwetu huku karibu na ikweta zote mbili hulala kama mtumbwi, kwa hiyo msizipambanue kwa umbo, zipambanueni kwa saa na upande.

La pili, ukiuona mwezi alfajiri mashariki kabla ya jua kuchomoza, jioni ya siku hiyo usitaraji kuuona magharibi. Mwezi unahitaji muda wa kulipita jua. Atakayekuambia ameuona siku hiyo hiyo, mwombe kwa upole afikiri tena, kwani huenda ameona kipande cha wingu.

La tatu, asubuhi ya siku ya 22 au 23, mwezi ukiwa magharibi na jua liko mashariki, mpe mtoto chungwa alishike kwa mkono ulionyooshwa, alielekeze pale ulipo mwezi. Ataona jua limeliangaza chungwa nusu, na nusu ile ina umbo lile lile la mwezi ulio nyuma yake. Hapo atalijua kwa macho yake jawabu la swali alilokuuliza, wala hutahitaji tena kumwambia anyamaze.

Ndugu zangu, ngoma za Bweranyange zilimwita mtu kwa mfalme wake kila mwezi ulipoandama, naye alihesabu siku asije akakosekana. Rumanyika alifariki miaka ya 1870, na wafanyabiashara wa Kafuro wamekwisha kuondoka. Mwezi ule ule bado unapita juu ya vilima hivi, usiku na mchana, na mwandamo wake unatuita sisi kwenye funga na kwenye Idd. Sisi tuna haki zaidi ya kuuhesabu kwa uangalifu, na kuhudhuria kwa umoja.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, na macho yanayozingatia. Uandamishe kwetu kila mwezi kwa amani na imani. Ziunganishe nyumba zetu, na usizijaalie ishara zako kuwa sababu ya kufarakana kwetu. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.